Foleni Ndani ya Laptopu

Jumatatu, saa nane mchana, Nyakuoth alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka la Annet, mtaa wa Hai Jalaba mjini Juba, akiwa amekumbatia laptopu iliyofungwa kwa kitenge kama mtoto mwenye homa. Duka lenyewe lilikuwa kontena la chuma lililotobolewa dirisha ubavuni, limebanwa kati ya muuza masanduku ya safari na duka la dawa. Ndani mlikuwa na meza moja, taa, bisibisi kumi na moja zilizopangwa kwa urefu kama watoto wa shule, na rafu ya mashine zinazosubiri wenyewe. Kila mashine ilifungwa kikaratasi kwa uzi, na Annet alikuwa ameandika juu yake ugonjwa: Haiwaki. Inapata joto. Imemwagikiwa chai. Herufi M imekufa.

Annet alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mtu wa Masindi kule Uganda, na wajukuu wake sita walimjua zaidi kwa sauti ya simu kuliko kwa uso. Ufundi aliachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa akitengeneza redio. Alikuwa na mazoea mawili kazini. Hakugusa skrubu kabla ya kumsikiliza mwenye mashine mpaka mwisho, na akishaanza kufungua, alitega kitendawili.

Nyakuoth alisema kwamba yeye ni mpishi wa shule ya msingi kule Gudele, magharibi mwa mji. Alikulia Kitale, akasomea huko, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya. Laptopu aliinunua kwenye mnada wa shirika moja la mtaa wa Thongpiny lililokuwa likifunga milango yake na kuuza viti, feni na kompyuta kwa mafungu. Hakuwa na haja ya laptopu maishani mwake. Aliinunua kwa sababu Alhamisi, saa nne asubuhi, kamati ya viwanja ingemsikiliza, na barua ilisema atasikilizwa kwa video.

Kamati ilikaa hotelini, huko huko Thongpiny. Kutoka dukani kwa Annet mpaka pale kwa bodaboda ni safari fupi kuliko chai kupoa. Lakini watu walikuwa wakijazana getini, kwa hiyo ukawekwa utaratibu kwamba kila mtu asikilizwe akiwa mbali, na aliye karibu naye atafute pa kuwa mbali.

Jambo lenyewe lilikuwa kiwanja. Nyakuoth na mumewe Gatluak walikipata Gudele, hatua ishirini kwa thelathini, wakajenga vyumba viwili na kupanda mwarobaini. Gatluak akafa kwa ini, akazikwa kwenye kona ya mashariki. Vita vya mara ya pili vilipofika mlangoni, Nyakuoth aliwabeba watoto akarudi Kenya. Aliporejea alikuta ukuta wa matofali na geti la kijani. Juu ya kona ya mashariki lilisimama tangi la maji lenye miguu minne. Ilikuwa sasa miaka sita anatafuta mtu wa kumsikiliza.

"Karani alinipigia Ijumaa tujaribu," alisema. "Akaniambia, mama, mimi nasikia shshsh tu. Ukija na hiyo kelele tutakuruka, tuite mwingine."

"Kelele ya namna gani?"

"Kama mafuta kwenye karai."

Annet alitikisa kichwa kwa kuelewa. Kelele za maikrofoni alizijua kama mama anavyojua vilio. Laptopu za zamani zina feni inayokohoa karibu na tundu la maikrofoni, zina vumbi, zina nguvu ya ziada ya kukuza sauti ambayo mtu ameipandisha mpaka juu, ikawa inakuza hata pumzi ya ukuta. Na nusu ya kelele za Juba huisha ukichomoa chaja, kwa sababu nyumba nyingi hazina waya wa kwenda ardhini, na umeme usio na pa kwenda huingia kwenye sauti za watu. Akachomoa chaja. Akarekodi sauti ya Nyakuoth akihesabu moja mpaka kumi, akavaa vipokea sauti masikioni, akasikiliza. Karai lilikuwa bado jikoni.

Akachukua bisibisi ya tatu kwa urefu.

"Kitendawili, mtoto yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha Uganda.

"Tega."

"Mlango yangu ni dogo kama jicho ya kuku. Mji mzima imeingia na haijajaa."

Nyakuoth alifikiri wakati skrubu tano zikitoka. Akasema tumbo, ikawa siyo. Akasema tundu la sindano, ikawa siyo.

"Kama umeshindwa, nipe mji," Annet alisema, kwa kuwa aliyeshindwa hutoa mji, ndivyo mchezo unavyochezwa, na mwenye kitendawili akishapewa mji ndipo anapotoa jibu.

"Mama, mji sina wa kutoa. Hata huo mdogo niliokuwa nao, mtu ameuwekea geti. Wacha nikae nacho, nitajibu."

Annet akacheka, akamwambia akae nacho. Mchana ule alisafisha feni, akapuliza vumbi, akapangusa tundu la maikrofoni kwa pamba na spiriti, akaishusha ile nguvu ya ziada, akaondoa programu inayoiendesha maikrofoni na kuiweka upya. Jua lilipoegemea upande wa Gudele alirekodi tena. Kelele haikuwa imepungua hata kidogo. Akaandika kikaratasi: Kelele kwenye maikrofoni. Akaifunga kwa uzi, akamwambia Nyakuoth arudi kesho akishawapakulia watoto chakula.

Jumanne Annet aliweka programu ya kufuta kelele. Programu za namna hiyo husikiliza kwanza, zikaamua ipi ni sauti ya mtu na ipi ni uchafu, kisha zikafuta uchafu. Nyakuoth alihesabu tena moja mpaka kumi. Waliposikiliza, sauti ya Nyakuoth haikuwamo. Karai lilibaki peke yake, safi, likikaanga.

"Inasema kelele ni wewe," Annet alisema.

"Siyo ya kwanza kusema hivyo."

Akaiondoa. Akaing'oa maikrofoni yenyewe, kitu kidogo kama punje ya mtama, akaweka nyingine kutoka kwa laptopu ya aina ile ile iliyokuwa imekufa rafuni tangu mwaka jana. Kelele ikabaki. Akaenda kuazima maikrofoni ya kwaya ya kanisa, yenye waya wa mita mbili, akaichomeka ubavuni. Kelele ikapita kwenye waya, ikafika upande wa pili bila kuchoka.

Hapo Annet alikaa akashika tama. Mumewe alikuwa akimwambia kwamba kelele usiyoweza kuiondoa, uiongeze, uione uso. Akaipandisha ile nguvu ya ziada mpaka mwisho, akavaa vipokea sauti, akafumba macho. Kelele ilianza kuachana, kama uzi uliosokotwa unapolegezwa. Haikuwa mafuta hata kidogo. Akasikia mtungi wa plastiki ukiburutwa juu ya changarawe, kisha mwingine nyuma yake. Akasikia ndala. Mtoto mchanga alikuwa na kwikwi. Mtu alikohoa kwa adabu, kikohozi cha mtu anayetaka kukumbusha kwamba yupo.

Akavivua akampa Nyakuoth, naye akasikiliza kwa muda mfupi tu.

"Hii ni laini, ni foleni," Nyakuoth alisema. "Watu wanangoja."

Akaeleza bila haraka. Gudele, kwenye pampu ya maji, hakuna anayesimama kutwa. Unaweka mtungi wako kwenye foleni, juu yake unaweka jiwe, unaenda kupika, unaenda kuzika, unarudi. Wa mbele akichota, wa nyuma husogeza mitungi yote hatua moja, hata ya wasiokuwepo. Jiwe la mtu haliguswi. Kuna mama aliyejifungua hospitalini siku mbili, akarudi akakuta mtungi wake umefika wa tatu. Miaka minne iliyopita ukaja mradi wa kusikiliza watu waliopoteza viwanja. Makarani walikaa chini ya rakuba, kile kivuli cha nyasi kando ya pampu, na laptopu tisa nyeusi. Wanawake wakapanga foleni kwa namna wanayoijua, mitungi na mawe. Kila mmoja alisema mambo yake kwenye mashine, kisha akaambiwa: ngoja hapo, kamati itakuita. Baada ya wiki mbili mradi ukaisha, makarani wakafunga meza.

"Na wewe ulisema?" Annet aliuliza.

"Nilisema. Sijui kwa mashine gani. Zote zilikuwa nyeusi."

Annet aliigeuza laptopu. Chini yake kulikuwa na kibandiko kilichochakaa chenye nambari 7. Akatafuta rekodi za zamani ndani, hakukuta hata moja.

"Wamefuta kila kitu kabla ya kuuza," alisema.

"Wamefuta walichorekodi. Watu hakuna aliyewaambia waende nyumbani."

Annet aliona maneno hayo yana akili. Akachukua kile kikaratasi, akapiga mstari juu ya neno Kelele, akaandika: Foleni.

Jumatano Nyakuoth aliomba ruhusa shuleni, akafika dukani kabla muuza masanduku hajafungua. Walikubaliana kwamba dawa ni moja, kuwaita. Annet akavichomoa vipokea sauti ili wote wasikie, akaisogelea maikrofoni, akasema kama makarani wanavyosema, "Anayefuata."

Mtungi ukaburutwa. Sauti ya mwanamke ikasema kwamba anaitwa Poni, kwamba kiwanja chake kinaanzia kwenye mkondo wa maji mpaka nyuma ya kanisa, na kwamba cheti kilichomwa pamoja na nyumba, lakini majirani wanaojua wapo, wawili. Akawataja. Akanyamaza.

"Anayefuata," Annet akasema.

Ikaja sauti ya pili, na Poni akaanza tena juu yake, zikachanganyika, na nyuma yao mitungi ikaanza kugongana. Kelele ikapanda mpaka spika ikalia kama filimbi.

Nyakuoth akamshika Annet mkono. "Mama, hujamjibu wa kwanza. Hawezi kuondoka hajajibiwa."

"Mimi najibu nini? Mimi si kamati."

"Mwambie amesikiwa."

Annet akasafisha koo. "Poni, umesikiwa," akasema. Sauti ikanyamaza. Ukasikika mtungi ukinyanyuliwa, mzito sasa, umejaa, na hatua za mtu anayetembea na uzito kichwani zikapita ndani ya kontena, kutoka mezani mpaka mlangoni, zikatoka nje kuelekea barabara kubwa. Sakafuni yalibaki matone. Annet alichukua kitambaa akapangusa, na kwa kuwa maji na umeme havipatani, akauinua waya wa umeme akauning'iniza kwenye msumari.

Kazi ikaendelea hivyo. Anayefuata, umesikiwa. Wengine walisema kwa Kibari, wengine Kinueri, wengine Kidinka, wengi kwa Kiarabu cha Juba. Annet hakuelewa nusu yake. Nyakuoth alimwambia haidhuru, kwani anayeelewa yote hakuwahi kuja. Kila mmoja aliyeondoka, kelele ilipungua kidogo, kama mtu anayepunguza moto wa jiko. Annet alihesabu kwa kutia skrubu kwenye kifuniko cha mkebe. Kwa kusikiliza vikohozi walikadiria foleni ina watu arobaini na tatu.

Wa nane alisema kwamba mpaka wake ni mti, na mti umekatwa, lakini kisiki kipo chini ya sebule ya mtu. Wa kumi na mbili alikuwa amekufa mwaka wa kipindupindu. Alisema hivyo mwenyewe, mwanzoni, ili asije akamdanganya mtu, kisha akaeleza kiwanja chake kwa utaratibu na kutaja jina la binti yake apewe. Annet akamwambia amesikiwa, naye akashukuru. Hatua zake zilikuwa sawa na za wengine, na matone yalikuwa mengi zaidi.

Saa sita Keji, muuza chai wa ng'ambo ya njia, alileta vikombe viwili. Alikuwa anaviweka mezani aliposikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye laptopu, ikieleza habari za vyumba vitatu na kisima. Akasimama akiwa na birika mkononi mpaka mwisho.

"Kumbe mimi bado niko huko," alisema. "Ndiyo maana mgongo hauponi."

Annet akauliza kama amjibu yule wa ndani au huyu wa nje. Keji akasema amjibu wa ndani, yeye wa nje ana wateja. Akakusanya vikombe vya jana, akatoka nyuma ya hatua zake mwenyewe.

Muuza masanduku alikuja kulalamika kwamba maji yanapita chini ya ukuta na kufika kwenye masanduku ya ngozi. Annet akamwomba radhi. Yule bwana akaleta mbao, akayainua masanduku, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Mfamasia wa upande wa pili aliweka tu kipande cha boksi mlangoni ili wateja wasiteleze.

Jua lilipokuwa linashuka, kwenye kifuniko mlikuwa na skrubu ishirini na tisa. Walibaki kumi na wanne. Askari wa soko akapita akigonga milango kwa fimbo, kwani makontena hufungwa magharibi. Annet alijaribu kurekodi. Sauti ya Nyakuoth ilisikika sasa, lakini kwa mbali, kama mtu anayesemea nyuma ya umati.

"Mtoto yangu, sikiliza," Annet alisema. "Kesho tumia simu yangu. Ama hii mashine ya padri iko kwenye rafu, maikrofoni yake ni safi kama kengele. Saa nne unaongea, unashinda, unakwenda nyumbani. Hawa tunamaliza baadaye, pole pole."

Nyakuoth aliitazama simu. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa karibu. Alijua kwamba kamati haiiti mtu mara mbili. Alijua pia ukuta unavyoongezwa tofali kila msimu wa kiangazi. Askari alipogonga tena, aliisukuma simu upande wa Annet.

"Niko nyuma ya watu kumi na wanne," alisema. "Nikipita, kesho kutwa nitakutana nao kwenye pampu. Wataniuliza nilipita wapi."

"Wengine wamekufa."

"Hao ndio watauliza zaidi."

Annet akaitia simu mfukoni. Akaifunika laptopu kwa kile kitenge ili walio ndani wasipatwe na vumbi, akafunga kufuli.

Alhamisi walianza jua lilipochungulia. Saa moja walikuwa wamemaliza wanne, saa mbili wanane. Saa mbili na nusu akaitwa mzee mmoja, Lomoro, mwanamume pekee katika foleni ile. Mzee huyo aliutaja kila mti aliowahi kuupanda na aliyempa mche, akataja mbuzi waliokula baadhi, akarudi nyuma kurekebisha jina la mbuzi mmoja. Annet alitazama saa ya ukutani. Nyakuoth hakutazama. Mzee alipomaliza ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Annet akamwambia amesikiwa. Mzee akauliza, amesikiwa mpaka na habari ya mbuzi? Nyakuoth akasema hata ya mbuzi. Ndipo akanyanyua mtungi.

Waliofuata walisema kwa ufupi, kama watu walioambiwa kwamba kuna mgonjwa anangoja. Saa nne kasoro dakika tano kelele ilikuwa imebaki pumzi ya mtu mmoja.

"Anayefuata," Annet alisema.

"Naitwa Nyakuoth Bol," sauti ikasema.

Ilikuwa na mafua. Mwaka ule wa mradi Nyakuoth alikuwa na mafua, akakumbuka sasa. Ile sauti ilieleza vyumba viwili na kuvitaja upana wake. Ikaeleza choo, jiko la nje, mwarobaini, kamba ya nguo iliyofungwa kwenye mwarobaini. Ilitaka vyote. Ilitaka kurudishiwa milango kwa sababu mbao zilitoka Yei na Gatluak alizichagua mwenyewe. Ilisema kuhusu kona ya mashariki mwisho kabisa, kama jambo lisilo na ubishi, jambo ambalo mtu yeyote mwenye wazazi atalielewa.

Nyakuoth alikuwa na karatasi mkononi, aliyoiandika wiki nzima. Juu yake kulikuwa na ombi moja tu: wahamishe tangi. Vyumba hakuviandika, wala milango. Hakukumbuka ni mwaka gani aliacha kuvitaja.

Saa nne ikapiga. Kwenye kioo cha laptopu ikatokea alama ya kuitwa, ikiwaka na kuzima. Annet akamtazama. Nyakuoth akainua kiganja, kama unavyomwinulia mtoto anayekatiza mkubwa, na akamwacha yule wa ndani amalize. Yule wa ndani alimaliza kwa kusema, "Ni hayo tu. Nitangoja hapa."

Annet alifungua mdomo, lakini Nyakuoth alimtangulia.

"Umesikiwa, dada yangu."

Mtungi ukanyanyuliwa. Hatua zikapita kando ya magoti yake, zikatoka. Hakugeuka kutazama matone. Akabonyeza.

Kwenye kioo walionekana watu watatu nyuma ya meza ndefu yenye chupa za maji. Karani, aliyekuwa pembeni, alisema kwa Kiswahili cha Kenya kama cha Nyakuoth kwamba amechelewa dakika mbili lakini si mbaya, na kwamba aanze.

Nyakuoth aliweka karatasi chini. Alisema yote aliyoyasema yule wa mafua, vyumba, choo, jiko, mwarobaini, kamba ya nguo, mbao za Yei. Mwisho akasema kona ya mashariki. Sauti yake ilikwenda wazi kama maji ya kwanza ya asubuhi. Hapakuwa na karai, hapakuwa na ndala. Annet, aliyesimama nyuma na vipokea sauti vya akiba, alimsikia hata akimeza mate. Katika miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kusikia maikrofoni safi namna ile.

Mtu wa katikati ya meza alimnong'oneza karani.

"Tumekusikia vizuri sana, mama," karani alisema. "Mwenyekiti anasema sauti yako ni safi kuliko zote za leo. Imeandikwa kwamba umesikilizwa."

"Na kiwanja?"

"Uamuzi wa viwanja vya upande ule ulitolewa mwezi wa tatu. Hii ni ya kusikilizwa tu. Sheria inataka kila mtu asikilizwe."

"Na tangi?"

"Mambo ya tangi si ya ofisi hii. Mpe salamu fundi wako, amefanya kazi nzuri." Akatazama karatasi yake. "Anayefuata."

Kioo kikawa cheusi.

Nje, pikipiki zilipita. Keji alikuwa akimenya tangawizi ng'ambo ya njia. Nyakuoth aliikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, akaitia kwenye mkono wa gauni. Annet alitandaza kitambaa sakafuni akakisukuma kwa mguu mpaka palipokuwa na maji pakakauka, na kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kupangusa, akarudi akakaa.

"Mama Annet," Nyakuoth alisema. "Kile kitendawili kimenishinda."

"Wacha tu, mtoto yangu. Si siku yake."

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?"

"Gudele. Nyuma ya pampu, geti la kijani. Hatua ishirini kwa thelathini. Mwarobaini uko ndani, uumwagilie kiangazi. Gatluak yuko kona ya mashariki. Si mtu wa maneno mengi, lakini anapenda kusalimiwa."

Annet alifikiri kukataa, akaona kwamba mji wa kitendawili haukataliwi, na kwamba huyu hakuwa na mwingine wa kumpa. Akakaa wima. Akasema kama inavyotakiwa, kwamba ameuchukua, amefika, watu wamempokea, ameingia getini, ameusalimu mwarobaini. Akasema amekwenda kona ya mashariki, akakuta miguu minne ya chuma, akainama katikati yake, akamwambia Gatluak kwamba mkewe ni mzima na watoto ni wazima.

"Asante," Nyakuoth alisema. "Sasa nipe jibu."

"Sikio."

Nyakuoth alitafakari, akakubali kwamba ni kitendawili cha haki. Akauliza kama kazi imekwisha, abebe mashine yake. Annet akasema bado kuijaribu mara ya mwisho, kwani fundi haitoi mashine bila kuijaribu. Akavaa vipokea sauti, akapandisha nguvu ya ziada mpaka juu, akafumba macho.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha mtungi mtupu ukatuliwa kwenye changarawe, na juu yake jiwe. Mtu akavuta pumzi ndefu na kujikalia, kama anayejua anangojea nini. Nyuma yake ukaja mtungi wa pili, ukawekwa taratibu, na jiwe dogo. Mwenye mtungi huo alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mwanamke mzima wa Masindi, na Annet alikijua kwa sababu alikuwa akiamka nacho kifuani miaka kumi.

Akavivua akampa Nyakuoth. Nyakuoth akasikiliza, akaitikia kwa kichwa.

"Wa kwanza ni mimi, wewe ni wa pili," alisema.

"Nimesikia."

Annet alichukua kikaratasi kipya. Akaandika: Foleni, watu wawili. Akakifunga kwa uzi, akaiweka laptopu rafuni pamoja na zile zinazosubiri, mbali kidogo na feni, na kutoka dirishani akamwita mteja aliyekuwa amesimama nje na mashine yake mikononi.